Projekta ya darini inashusha picha kila wiki: ni dalili kwamba itaanguka?

#1 PichaKubwa
Wakuu, salaam. Nina projekta ya kilo 6 na ushee, imefungwa sebuleni kwa breketi ya chuma yenye bomba fupi. Dari ni ya jipsamu. Kutoka kwenye lenzi hadi kwenye skrini ni mita 3.5. Siku ya kufunga, picha ilikaa sawasawa ndani ya fremu nyeusi. Sasa kila baada ya wiki moja hivi nakuta ukingo wa chini umetoka nje ya fremu kwa upana wa kidole. Nainua pua ya projekta kidogo, inakaa, halafu inashuka tena.

Aliyefunga alitumia fisha nne za plastiki, vile vibomba vya kushikia skrubu tunduni. Juu ya hapo sijui kama kuna mbao au ni bodi tupu. Na chini ya projekta ndipo watoto wanapojilaza kutazama. Nataka kujua: ni breketi imelegea tu, au dari inaachia?

#2 Boriti
Kabla ya mjadala wowote, izime, chomoa waya, na watoto wahame hapo chini leo hii. Mengine yatasubiri.

Bodi ya jipsamu ni unga wa jasi uliobanwa kati ya karatasi mbili, unene wake kwa kawaida milimita 9 hadi 12.5. Kazi yake ni kufunika. Kinachobeba ni boriti, kenchi au zege lililo juu yake. Fisha ya plastiki kwenye bodi tupu isibebeshwe kitu kinachoning'inia juu ya vichwa vya watu.

#3 NusuNati
Mbona pakiti ya fisha zangu imeandikwa kilo 20 kila moja? Nne ni 80. Kilo 6 zina uzito gani hapo?

#4 FundiPimamaji
@NusuNati kilo hizo mara nyingi ni za ukuta mgumu, mzigo ukivuta kwenda chini sambamba na ukuta, yaani unataka kuikata skrubu. Darini mzigo unaing'oa skrubu moja kwa moja kutoka kwenye tundu lake, usiku na mchana. Geuza pakiti usome nyuma. Watengenezaji makini huweka jedwali: zege lina safu yake, tofali safu yake, jipsamu safu yake, na namba ya jipsamu ni ndogo kuliko zote.

Tena mzigo haugawanyiki kwa nne. Projekta yenye lenzi nzito huinamia mbele, kwa hiyo fisha mbili za mbele ndizo zinazobeba karibu kila kitu. Na plastiki ikivutwa kwa nguvu ileile muda mrefu hulegea polepole bila kuonyesha ufa. Hicho ndicho ninachokisoma kwa mleta mada: inashuka, inatulia, inashuka.

#5 LenziSafi
Fundi, sikubali haraka hivyo. Tufanye hesabu. Kwenye mita 3.5, mwinamo wa digrii 1 unahamisha picha sentimita 6 hivi. Upana wa kidole ni kama sentimita moja na nusu, yaani robo ya digrii. Kiungo cha breketi kinaweza kuteleza kiasi hicho bila dari kuhusika hata kidogo.

Na kama projekta nzima ingeshuka milimita 1 bila kuinama, picha nayo ingeshuka milimita 1 tu, na mleta mada asingeiona. Kwa hiyo huu ni mwinamo. Kwangu mimi wa kwanza kushukiwa ni kile kiungo chenye skrubu ya kukaza kwa mkono.

#6 FundiPimamaji
Hesabu yako iko sawa, na ndiyo inayonitia wasiwasi. Robo ya digrii kwenye bamba la breketi linalogusa dari, tuseme la sentimita 20, haifiki milimita 1. Fisha za mbele zikitoka kiasi hicho, mtu aliyesimama sakafuni haoni kitu, lakini picha inashuka kidole kizima. Mwinamo unaweza kuanzia juu ya bamba au chini yake. Huwezi kuwaachilia washukiwa wa juu kwa hesabu hiyo.

#7 PichaKubwa
Asanteni. Nimechomoa, na chini nimeweka meza ili mtu asipite. Nitajuaje ni juu au chini ya bamba bila kufungua kila kitu?

#8 Boriti
Penseli na karatasi vinatosha. Panda ngazi, mtu mwingine aishike. Pitisha ukingo wa karatasi kati ya bamba na dari, uzunguke pande zote. Karatasi ikiingia upande wa mbele na kugoma nyuma, bamba linaachia. Kisha chora mstari mmoja unaovuka kiungo cha breketi, nusu juu ya chuma hiki na nusu juu ya kile. Baada ya siku kadhaa nusu hizo zikipishana, kiungo kinateleza.

Ukikuta bamba limeachia, usisubiri siku kadhaa. Teremsha.

#9 KunguruWaPaa
Mmesahau mbao yenyewe. Yangu imefungwa kwenye boriti kwa skrubu nene, hakuna fisha hata moja, na bado picha inahama. Majira ya unyevu inapanda, ya ukavu inashuka. Mbao hunywa unyevu ikavimba upande wa unene na upana, huku urefu wake ukibaki karibu vilevile. Ikiwa mbichi wakati wa kufunga, ikikauka husinyaa na skrubu inabaki na nafasi. Mleta mada, nyumba ni mpya?

#10 PichaKubwa
@KunguruWaPaa paa ni jipya kabisa, mwaka haujaisha.

#11 KunguruWaPaa
Basi msiniondoe kwenye orodha ya washukiwa.

#12 JotoLaTaa
Habari za jioni. Mimi naona ni joto. Projekta ikiwaka, plastiki ya mwili na vishikio vya lenzi vinapanuka. Ndiyo maana miongozo mingi inasema iache ipate joto kwanza ndipo urekebishe fokasi. Yangu ikiwashwa ikiwa baridi na ikiwa imeshawaka nusu saa, picha hazilingani.

#13 LenziSafi
@JotoLaTaa hilo lipo, lakini la joto hurudi likipoa. Kesho ukiwasha inaanza palepale pa jana. Ya mleta mada haijirudii, inaongezeka wiki hadi wiki.

#14 JotoLaTaa
Isipokuwa kila ikipanuka na kusinyaa inakisogeza kile kiungo chako kidogo kidogo. Hapo joto na kiungo ni kesi moja.

#15 WayaTatu
Swali kwa mleta mada: nyaya zinatoka vipi nyuma ya projekta? Kebo nene ya HDMI ikikunjwa kwa nguvu na kukazwa darini inaisukuma projekta muda wote. Ikisukuma mkia juu, pua inashuka. Iache na kitanzi kilegevu, na uzito wake ufungwe kwenye bomba la breketi, si kwenye tundu la HDMI.

Na umeme umetoka wapi?

#16 PichaKubwa
HDMI imekunjwa kweli, ilikuwa fupi. Umeme ni ekstensheni iliyopitishwa juu ya dari hadi kwenye soketi ya ukutani.

#17 WayaTatu
Hapo mkuu ndipo nyumba inapoungulia. Hiyo ekstensheni iondoe, iwe projekta inashuka au haishuki. Waya laini wa kuchomeka umetengenezwa kuonekana na kukaguliwa. Juu ya dari unapigwa na joto la paa, panya wanautafuna, na ukianza kuchemka kwenye kiungio hakuna atakayenusa mapema. Kanuni za umeme za Marekani, NEC, zinakataza waziwazi kabisa nyaya laini za aina hiyo kufichwa juu ya dari au kupenyezwa ukutani, na sababu zake hazina mipaka ya nchi.

Muite fundi umeme akuwekee soketi ya kudumu darini, karibu na breketi, yenye waya wa erthi, ikitoka kwenye sakiti yenye kikata umeme chake. Kazi ya mara moja.

HDMI nayo: ya kawaida ya shaba kwa picha ya 4K huanza kusumbua ikizidi mita 5 hadi 8 hivi, kutegemea ubora wake. Ukihitaji ndefu zaidi, chukua ya nyuzi za mwanga. Hiyo ina upande wa chanzo na upande wa projekta, imeandikwa kwenye vichwa vyake, na ukiigeuza haionyeshi kitu. Ipitishe ndani ya bomba la plastiki lenye kamba ya kuvutia, kwa sababu kuna siku utataka kuibadilisha. Na isipite bomba moja na waya wa umeme.

#18 MtazamajiTu
Naomba kuuliza bila ubaya: kwa nini darini? Rafu imara ukutani nyuma ya viti, projekta unaiweka, unaiondoa, unaifuta vumbi, hakuna kitu juu ya kichwa cha mtoto.

#19 Boriti
Swali zuri na si la kupuuzwa. Kama ukuta wa nyuma uko ndani ya umbali ambao lenzi inakubali, rafu inashinda. Ila nayo iwe imefungwa kwenye tofali au zege, si kuegeshwa. Tatizo ni kwamba lenzi nyingi za nyumbani zinataka umbali wa mara moja na nusu ya upana wa picha, hivi. Picha ya inchi 100 ina upana wa sentimita 221, kwa hiyo unazungumzia mita 3.3. Chumba kikiwa na mita 6, rafu ya nyuma iko mbali mno.

#20 MtazamajiTu
Zipo zile zinazokaa chini kabisa ya ukuta na kurusha picha juu.

#21 LenziSafi
Zipo na ni nzuri, lakini ukuta ukiwa na wimbi dogo tu picha inaonekana imekunjamana, maana mwanga unapanda ukiuparaza. Zinataka skrini ngumu iliyonyooka. Tusihame mada, mwenzetu bado ana kilo 6 hewani.

#22 NusuNati
Kama ni skrubu zinalegea, dawa si gundi ya nati? Tone moja kwenye kila skrubu, mpaka zile zinazoingia kwenye projekta yenyewe. Na zile za projekta ni M6, yaani kipenyo cha milimita 6, zinashika vizuri.

#23 FundiPimamaji
Hapana, tafadhali mtu asifanye hivyo. Mwongozo wa Epson unakataza wazi kupaka gundi, mafuta au kilainishi kwenye matundu ya kufungia darini, kwa sababu plastiki ya mwili inaweza kupasuka na projekta ikaanguka. Plastiki nyingi haziziwezi kemikali hizo. Gundi ya nati weka kwenye chuma kwa chuma tu, mbali na mwili wa projekta, au tumia washa ya springi na nati yenye nailoni.

Na M6 si kanuni. Projekta nyingi za nyumbani ni M4, nyingine M5 au M6. Soma mwongozo, uangalie pia kina cha tundu. Skrubu ndefu mno inapita ikachoma kilicho ndani. Fupi mno inashika mizunguko miwili tu na kung'oka na plastiki yake. Ikigoma kuingia kwa vidole, usiilazimishe kwa bisibisi.

#24 NusuNati
Nimekuelewa fundi, gundi narudisha kabatini.

#25 SautiYaChini
Naongeza mshukiwa mwingine: mtikisiko. Sisi tunaishi chini ya ghorofa, na kila mtu wa juu akitembea picha inacheza. Nati za breketi zilikuwa zinajifungua zenyewe mpaka tulipoweka washa za springi. Mleta mada, una pangaboi karibu?

#26 PichaKubwa
Lipo, mita moja na nusu kutoka kwenye projekta, kwenye dari hiyohiyo.

#27 SautiYaChini
Umeona? Pangaboi lisilo na mizani sawa linaitikisa dari nzima saa zote linapozunguka. Angalia pia mapanga yasikate mwanga. Na kuna watu huvutiwa na ile ndoano ya pangaboi, wakitaka kutundika projekta hapo. Ndoano ile haizuii kitu kuzunguka wala kuinama.

#28 PichaKubwa
Wakuu, nimefanya ya #8. Matokeo hayakai upande mmoja. Karatasi inaingia mbele, lakini kona ya kulia tu. Ya kushoto imekaza. Ule mstari kwenye kiungo nao umepishana, kidogo, kama unene wa penseli, na projekta haijawashwa tangu siku ile. Nimeiteremsha tukiwa wawili, iko mezani.

Nimepitisha sumaku kali darini, imenasa skrubu za bodi kwa mstari, kila mstari sentimita 60 kutoka kwa mwenzake. Breketi ilikuwa katikati ya mistari miwili.

#29 FundiPimamaji
Kona ya kulia ni fisha. Sina shaka.

#30 LenziSafi
Na mstari uliopishana ni kiungo, tena bila joto wala moto, maana projekta ilikuwa imezimwa. @JotoLaTaa pole.

#31 JotoLaTaa
Joto la paa mchana hulihesabu? Paa jipya la bati, dari chini yake.

#32 Boriti
Mtashindana hadi kesho, mimi naanza kujenga. @PichaKubwa, sumaku imekuambia kuna mifupa kila sentimita 60. Panda juu ya dari uone ni mbao au ni zile chaneli za bati jembamba zinazoning'inizwa kwa waya. Kama ni chaneli za bati, usifunge breketi kwenye bati hilo, halikutengenezwa kubeba zaidi ya bodi zake.

Kama ni mbao na unaweza kupita juu: chukua kipande cha mbao kavu cha milimita 50 kwa 100, kikate kiingie kati ya boriti mbili, ukifunge kila upande kwa skrubu ndefu au vishikio vya pembe vya chuma. Breketi ifungwe kwenye kipande hicho kupitia bodi. Hapo unachagua wewe projekta ikae wapi, huwi mtumwa wa boriti ilipo. Toboa kwanza tundu dogo la kuongozea, jembamba kuliko skrubu, ili mbao isipasuke. Skrubu iingie ndani ya mbao sentimita 4 au 5 kamili, bila kuhesabu unene wa bodi. Usikate wala kuchonga kenchi hata kidogo. Kipande cha chini cha kenchi kinavutwa na paa zima.

Uzito wa kuhesabu ni projekta pamoja na breketi na nyaya. Mimi hujenga kibebe mara nne au tano ya huo. Kipimo changu cha mwisho ni kutundika kwanza ndoo ya maji yenye uzito huo kwenye breketi usiku mzima, sakafu ikiwa tupu.

#33 MamaZege
Kwa watakaosoma wakiwa na zege badala ya mbao: tumia boliti za chuma za kutanuka, si plastiki. Plastiki ikipata moto inalainika, na juu ya njia ya kutokea hutaki kitu kidondoke wakati wa kukimbia. Toboa kwa kipimo na kina kilichoandikwa, kisha puliza vumbi litoke lote, kwa sababu boliti iliyokaa juu ya vumbi haishiki. Ukigonga nondo, sogea. Kama sakafu ya juu ni ya vitofali vyenye matundu, tafuta mbavu za zege katikati yao. Kama ni zege lililokazwa kwa nyaya za ndani, usitoboe mpaka mwenye michoro ya jengo akuonyeshe nyaya ziko wapi. Miwani na barakoa ni lazima, maana vumbi lote la darini linakuja usoni.

#34 KunguruWaPaa
Vumbi hilo linanikumbusha nyumba kuukuu. Bodi ngumu za kijivu za miaka hiyo zinaweza kuwa na asbesto. Shirika la Afya Duniani linasema aina zake zote zinasababisha saratani, na hata Uingereza ilikamilisha marufuku yake mwaka 1999 tu, kwa hiyo majengo ya kabla ya hapo yanaweza kuwa nayo bado. Kama hujui dari yako ni ya nini na ni ya zamani, usiikaribishie keekee. Ipimwe kwanza.

#35 WayaTatu
Na kabla ya kutoboa popote, zima swichi kuu. Nyaya za taa ziko juu hapohapo.

#36 PichaKubwa
Nimepanda. Ni mbao, na mbili kati yake zina unyevu ukizigusa. Nimekata kipande kama alivyosema Boriti. Je, kamba ya usalama ya kuikamata projekta ikidondoka inahitajika bado, kama breketi imeshika mbao?

#37 Boriti
Inahitajika. Waya wa chuma uliosokotwa, upande mmoja kwenye projekta au kwenye bamba linaloishika, upande wa pili kwenye boriti kwa skrubu yake yenyewe. Ukiufunga kwenye bamba lilelile la darini, bamba likianguka vinaanguka vyote. Uwe mfupi, ulegee kidogo tu. Ukiacha nusu mita ya kulegea, projekta inapata mwendo kabla ya kukamatwa na mshtuko unaweza kung'oa kila kitu.

#38 LenziSafi
Wakati wa kuirudisha, pima urefu wa bomba upya. Projekta nyingi zikigeuzwa juu chini hurusha picha kuelekea chini, kwa hiyo lenzi ikae karibu na usawa wa ukingo wa juu wa skrini, kisha kwenye menyu uchague mpangilio wa dari. Ukiifunga juu mno utalazimika kuiinamisha, picha inakuwa kama trapezi, halafu unairekebisha kidijitali na kupoteza sehemu ya pikseli ulizolipia. Bomba refu nalo linacheza zaidi, kwa hiyo chukua fupi linalotosha. Usiizibe kwa kisanduku. Acha kama sentimita 30 pande inapovuta na kutoa hewa.

#39 JotoLaTaa
Kama ni ya taa ya zebaki, wakati wa kubadilisha taa usisimame chini yake. Simama kando, ikiwa imepoa. Taa ikiwa ilipasuka ndani, ukifungua kifuniko vipande vinakudondokea usoni.

#40 PichaKubwa
Nashukuru sana wote. Ndoo imelala usiku kucha, haikuhama. Projekta imerudi, waya wa usalama upo, fundi umeme ameshaweka soketi na ekstensheni imetoka. Breketi ni ileile. Sasa nisubiri nini?

#41 LenziSafi
Ikishuka tena, ni kiungo, maana fisha hazipo tena.

#42 KunguruWaPaa
Ikishuka tena, ni mbao zako mbichi zinakauka. Kaza upya zikishakauka.

#43 SautiYaChini
Jaribu wiki moja bila pangaboi, kisha moja nalo.

#44 FundiPimamaji
Chora mistari mipya ya penseli leo, mmoja ukivuka kiungo na mwingine kutoka kwenye bamba hadi darini. Na uandike tarehe pembeni ya kila mstari.